Klipu ya Ijumaa

Jumapili, 3 Machi 1974

Itangazwe Mosocho nzima, na ng'ambo ya vilima hadi Manga, na Nyamache pia ikiwa wana nafasi ya kusikiliza: leo saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na mbuzi mmoja, mimi Manasseh Ombati, fundi wa magari, mzee wa kanisa, mwenye tumbo linalonitangulia kila niendapo, nimevunjika jino la mbele nikila muwa. Mama Bosibori alipoulizwa maoni yake alisema, "Afadhali. Sasa utatafuna polepole kama watu wengine."

Naandika haya katika daftari nililopewa na muuza spea wa Kisumu, lenye picha ya betri kila ukurasa. Naandika Kiswahili, nilichokiokota gerejini Nakuru, kwa sababu Mama Bosibori husoma Agano Jipya la Ekegusii mbio kama maji ya mteremko, lakini Kiswahili humletea usingizi. Shajara ambayo mke anaisoma si shajara tena, ni barua.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua bado. Breki za lori la majani chai. Ulimi hauachi kulitembelea pengo.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimeletewa mgeni. Nyamweya, mwenye duka la mabati na misumari mjini Kisii, alinunua gari kwa daktari Mmarekani aliyerudi kwao. Ni la mwaka sitini na tatu, refu kama mahubiri ya shemasi Makori, na limechoka vilevile. Ndani ya injini lina kitu nilichokuwa nimekiona kwenye matrekta makubwa ya barabara tu: kikombe cha chuma kilichojikunja, kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kiisukumie injini hewa kwa nguvu. Nimekiita Konokono, ingawa nadhani hakuna kitu chenye haraka kama hicho wilaya hii yote.

Dereva wake ni Ratemo, mtu wa Manga, mpole, anayefuta gari hata likiwa safi.

"Mzee Manasseh," akaniambia, "linakunywa oili kama ng'ombe aliyelamba chumvi."

"Na moshi?"

"Wa buluu. Mama yangu mzazi aliniuliza kama nimeajiriwa kuua mbu."

Nyamweya hakucheka. "Fundi, nataka jibu, sitaki hadithi. Mama yangu Bonareri yuko Manga na kifua chake si kizuri. Mvua ikianza, hakuna gari jingine litakalokubali kupanda kule kumchukua. Hilo ndilo miguu yake."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hayo ni maneno ambayo mafundi wote huyasema, kama mganga anavyosema "utapona."

Ijumaa, 8 Machi

Matone ya kwanza. Nimeweka spana chini saa kumi na moja na nusu. Kwetu Wasabato jua likizama Ijumaa kazi imezama nalo, na mimi ni mzee wa kanisa, sina budi kuwa kielelezo. Tena cherehani ya shemasi Makori iko mkabala na gereji yangu. Kila Ijumaa huinyamazisha mapema, akasimama mlangoni, akatazama upande wangu. Huwa sijui anatazama nini, lakini najua nina mikono.

Jumanne, 12 Machi

Nimebadilisha gasketi ya kifuniko cha juu. Nimemwambia Nyamweya ugonjwa umepatikana.

Alhamisi, 14 Machi

Ugonjwa haukupatikana. Ratemo amerudi na moshi wake. "Mzee, mbu wamekwisha Kisii, sasa tunaua nyuki."

Nikalisingizia Konokono lenyewe. Nyamweya alikuwa tayari kumwandikia Mmarekani atume jingine kwa meli. Nikamwomba anipe siku chache, maana moyoni sikuwa na hakika. Oili ni mwongo. Pale unapoiona sipo inapotoka: upepo huirudisha nyuma, joto huitandaza, halafu inadondokea mahali pasipo na kosa lolote, na hapo ndipo fundi mjinga anapofungua.

Jumatatu, 18 Machi

Nitajisifu kidogo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea.

Jana nilikwenda Tabaka kwa wachonga mawe nikaomba gunia dogo la vumbi linalobaki wanapolainisha vinyago. Ni jeupe, laini kuliko unga. Leo nimeosha injini yote kwa mafuta ya taa, nikaikausha, kisha nikaipaka lile vumbi kwa manyoya ya kuku hadi ikawa kama mtu aliyeanguka ndani ya pipa la unga. Ratemo akatuendesha hadi mtoni na kurudi. Tukafungua boneti.

"Usiguse," nikamwambia. "Tafuta pale palipolowa juu kabisa. Huko chini ni matokeo tu."

Akainama, mikono mgongoni kama mtoto dukani. "Hapa, mzee."

Alikuwa sahihi. Mstari mmoja wa kijivu ulianzia kwenye paipu ya mpira inayopeleka oili kwenye Konokono. Kwa nje paipu ilikuwa nzima, hata inang'aa. Nikaichomoa, nikaikunja. Nyufa zikafunguka kama kisigino cha Januari. Ratemo alipiga makofi. Nimemwagiza muuza spea wa Kisumu paipu mpya na klipu mbili za skrubu za kuibana.

Mama Bosibori ameniuliza kwa nini ninalala na vumbi kwenye nyusi. Nikamwambia ni utukufu.

Ijumaa, 22 Machi

Paipu imefika kwa basi saa kumi na moja jioni. Mvua kubwa. Nimeifunga, nimeipaka vumbi kwa ajili ya kulijaribu gari. Sabato ikanikuta. Nitamalizia Jumapili.

Jumapili, 24 Machi

Nitaandika polepole kwa sababu mkono hautaki.

Jana gari la Nyamweya lilishika moto katika barabara ya Manga.

Mama Bonareri alizidiwa alfajiri. Nyamweya akamtuma Ratemo aje kwangu kulichukua gari. Funguo huning'inia kwenye msumari wa mlangoni, Mosocho nzima inajua. Alilichukua tukiwa kanisani. Alifika Manga salama, akamlaza mama kiti cha nyuma, akaanza safari ya hospitali. Kwenye mpando wa pili, Konokono likilia, taa nyekundu ya oili ikawaka. Anasema aliizima injini papo hapo. Lakini paipu ilikuwa imekwisha kuchomoka, na oili imemwagikia ekzosi iliyoiva. Moshi, kisha moto. Ratemo alimtoa mama kwanza, akambeba mgongoni hadi ndani ya shamba la chai, ndipo akarudi kupigana na moto kwa koti lake na tope. Mvua ilimsaidia. Viganja vyake vyote viwili vimebabuka. Mama Bonareri alibebwa kwa machela ya miti hadi barabara kubwa, akafika hospitali saa tisa alasiri. Yu hai. Wanasema saa moja zaidi tungekuwa tunachimba.

Nimeandika kwamba paipu ilichomoka. Niishie hapo.

Jumanne, 26 Machi

Lori limelivuta gari hadi kwangu. Upande mmoja ni mweusi. Konokono halizunguki tena hata kwa nyundo.

Nyamweya alikunja mikono. Ratemo alisimama nyuma yake, vitambaa vyeupe mikononi kama mpiga ndondi.

"Fundi," akasema Nyamweya, "huyu anadai alisimama taa ilipowaka. Mimi nasema alilikimbiza gari bila oili hadi likaungua, na mama yangu ndani. Wewe ndiye unayejua kuisoma injini. Isome."

Nikainama. Klipu ya juu ilikuwa bado inaning'inia kwenye ncha ya paipu, upande usiofikiwa na moto. Skrubu yake imelegea. Na katikati ya nyuzi za skrubu, vumbi la Tabaka, jeupe, limetulia vilevile nilivyolipaka. Klipu ikikazwa, vumbi husukumwa nje. Hili halikuwa limesukumwa na mtu yeyote.

Niliitia mfukoni. Nikasimama.

"Oili ilikuwa imepungua," nikasema. "Paipu ikapata joto. Gari kama hili dereva hupima oili kabla ya kupanda mlima."

Kila neno lilikuwa spea nzuri. Ni injini niliyoiunda kwa hizo spea ndiyo iliyokuwa mbovu.

"Nilipima, mzee," Ratemo alisema. Hayo tu.

"Nitampeleka polisi," akasema Nyamweya.

Nami, kwa huruma zangu nyingi, nikamwekea mkono begani. "Usimpeleke, bwana. Ni kusahau tu. Binadamu husahau."

"Kwa heshima yako, fundi. Lakini kwangu haendeshi tena, na nitamwambia kila mwenye gari."

Ratemo akanishukuru. Alitaka kunipa mkono, akakumbuka vitambaa, akainamisha kichwa.

Jumatano, 27 Machi

Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Ulimi na pengo.

Jumapili, 31 Machi

Jana shemasi Makori alipewa dakika tano kanisani akazichukua arobaini. Alizungumza juu ya kuitunza Sabato. "Kama mnataka mfano," akasema, "tazameni mikono ya Mzee Manasseh. Jua halijawahi kuikuta na spana." Watu wote wakageuka. Nami nikaitazama. Kulikuwa na oili chini ya kucha, ile isiyotoka kwa sabuni ya aina yoyote.

Alhamisi, 4 Aprili

Alikuja Orpah, mke wa Ratemo, kwa miguu kutoka Manga, njia imekuwa uji. Kichwani mkungu wa ndizi ambao hata mimi ningeulalamikia.

"Mzee, hatuna kitu," akasema, "lakini Ratemo ameniambia ulivyomsemea asifungwe. Mungu akuone."

Mama Bosibori alimkumbatia. Akampa chai. Orpah akaeleza kwamba mikono inapona lakini bado hawezi kuchuma majani chai, na kwamba anaamka asubuhi, anavaa kofia yake ya udereva, anaketi.

"Mungu akuone," akarudia akiondoka. Sijawahi kuogopa baraka kiasi kile.

Jumapili, 7 Aprili

Ndizi zimeanza kuiva. Sijala hata moja. Mama Bosibori anasema nyumba ina muujiza: mimi na ndizi tumelala chini ya paa moja na zote zimeamka salama.

Ijumaa, 12 Aprili

Ijumaa Kuu kwa jirani zetu Wakatoliki. Mimi nimeweka spana chini saa tisa mchana. Makori akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Mzee, sasa unaikopesha Sabato?"

Alhamisi, 18 Aprili

Mwenye lori mmoja wa Nyamache alikuja kurekebisha taa. Anatafuta dereva. Nikamtaja Ratemo, nikamsifu sana, labda kupita kiasi.

"Yule wa moto?" akasema. "Si wewe mwenyewe uliyesema hapimi oili?"

Nikafunga taa zake. Nilizikaza mara mbili. Siku hizi hukaza kila kitu mara mbili. Wateja wanasema nimezeeka vizuri.

Jumanne, 23 Aprili

Mama Bosibori alipiga brashi koti langu la kanisani. "Baba Bosibori, klipu ya gari inatafuta nini humu?"

"Nilisahau."

"Siku hizi unasahau kula, unasahau kucheka, lakini hiki chuma hujakisahau. Sabato iliyopita nilikuona umekishika wakati wa sala."

Nikamwambia ni kipimo cha spea fulani. Akalirudisha koti kwenye msumari, na klipu mfukoni, kwa upole mwingi. Yule mwanamke angenipigia kelele ningeshukuru.

Alhamisi, 2 Mei

Leo Ratemo mwenyewe amekuja.

Nilikuwa chini ya lori. Niliviona viatu kwanza, vimepakwa rangi, tope pembeni tu. Alikuwa amevisafisha hapo barabarani kabla ya kuingia. Nikatoka. Viganja vyake sasa vina ngozi mpya, ya waridi, laini kama ya mtoto. Alivishika pamoja, akanisalimu.

"Bwakire, mzee. Sitakuchelewesha. Nimekuja unifundishe."

"Nikufundishe nini, ndugu yangu?"

"Kosa langu. Nalitafuta usiku na mchana silioni. Nilipima oili asubuhi ile, ilikuwa pale pale kwenye alama. Taa ilipowaka nilizima injini kabla sijavuta pumzi. Sasa nijue: ningesimama mapema vipi? Siku moja mtu atanipa gari, na nitakuwa na mama wa mtu mwingine kiti cha nyuma."

Nikachukua kitambaa nikafuta spana iliyokuwa safi.

"Na kuna jingine," akasema, akitazama chini. "Hili sikumwambia Nyamweya, kwa sababu ni aibu yangu. Nilipokuja pale mlangoni mwa kanisa nikakuuliza kama gari liko tayari, nilidhani umeniitikia kwa kichwa. Nimefikiri sana. Nadhani ulikuwa ukiinama kwa ajili ya sala, nami kwa haraka zangu nikakusumbua katikati ya maombi, nikachukua nilichokitaka. Unisamehe kwa hilo, mzee."

Cherehani ya Makori ng'ambo ilikuwa ikilia. Ikasimama. Ikaendelea.

Mtu huyu alikuwa amekwisha kunitafutia udhuru ambao mimi mwenyewe, kwa wiki sita, sikuwa nimethubutu kuubuni.

Nikamwambia, "Jumapili twende wote kwa Nyamweya. Kosa nitakuonyesha huko."

"Asante, mzee," akasema. Akaondoka akiwa na furaha, na mimi nikarudi chini ya lori nikakaa huko hadi chai ikapoa.

Jumapili, 5 Mei

Imekwisha. Mvua imekatika tangu jana.

Nilimweleza Mama Bosibori kwanza, asubuhi. Alikuwa akimenya viazi. Hakuacha kumenya. "Nilijua ni klipu," akasema. "Sikujua ni ya nani. Nenda kabla hujanywa chai, ukinywa utapata maneno mazuri."

Nyamweya alitupokea dukani, mlango wa nyuma. Mama Bonareri alikuwepo, ameketi juani na blanketi, anakohoa lakini anatukana watu vizuri. Niliweka klipu mezani. Nikaeleza. Sikupamba.

Nyamweya aliigeuza klipu kwa kidole. Vumbi bado lilikuwemo kwenye nyuzi. Akasema maneno matatu tu: "Mzee wa kanisa."

Halafu akamgeukia Ratemo. "Gari nililonalo sasa ni pikapu. Kesho saa moja uje. Mwenye gari yeyote akiuliza, nitamwambia mimi mwenyewe."

Ratemo alikuwa ananitazama mimi. Nilitegemea anitukane, au anisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Uliniacha niombe msamaha," akasema. "Alhamisi. Uliniacha niongee hadi nikamaliza."

Hakuna kitu nilichojiandalia hapo.

Mama Bonareri akaniita karibu. Nilidhani ananibariki. Akanivuta sikio, kweli kweli, kama mtoto. "Huyu alinibeba mgongoni," akasema. "Wewe ulimpandia mgongoni."

Orpah alipopata habari hakupiga kelele pia. Alituma neno moja: nirudishe ndizi zake. Zilikuwa zimekwisha kuoza, nyingi tukampa mbuzi. Kwa hiyo alasiri hii nimekata mkungu mkubwa kuliko wote shambani mwangu, nikaukwea nao mlima wa Manga, mimi na tumbo langu, nikipumzika kila baada ya mashamba matatu. Aliupokea mlangoni. Hakunikaribisha ndani. Ilikuwa haki.

Wazee wenzangu nimewaambia jioni hii, nikirudi kutoka Manga. Nimewekwa kiti cha nyuma hadi watakapoamua. Nitaona vichogo vya watu tu, na vitatosha.

Sasa niandike ilivyokuwa, kwa sababu kurasa za nyuma katika daftari hili nimezidanganya hata picha za betri.

Ijumaa ile, tarehe ishirini na mbili, nilifunga paipu na klipu zake mbili. Ya chini niliikaza. Ya juu niliishika kwa vidole, kwa haraka nikapaka vumbi kabisa, ndipo nikaanza na bisibisi. Wingu lilikuwa zito, giza limeingia mapema. Nikainua macho nikamwona shemasi Makori amesimama mlangoni pake, anatazama upande wangu. Nikaweka bisibisi chini. Sikumwogopa Mungu. Nilimwogopa Makori. Nilimuuliza jana alikuwa akitazama nini jioni ile. Alifikiri sana, akasema kuku wake mmoja alikuwa hajarudi.

Asubuhi ya Sabato Ratemo alikuja mlangoni mwa kanisa, amelowa. Aliniita kando, kwa adabu, akasema, "Mzee, mama amezidiwa. Gari liko tayari?" Nilikuwa na kitabu cha nyimbo mkononi na watu wakipita. Kumwambia "bado" kungetaka maneno mengi ya klipu na bisibisi, na mimi nilikuwa nimevaa koti langu zuri. Sikuwa nikisali. Nilimsikia kila neno. Nilimtazama machoni, nikaitikia kwa kichwa, mara mbili, nikaingia ndani nikaimba.

Leo, kabla ya kwenda kwa Nyamweya, nilichukua klipu nyingine kama ile, nikaivika kwenye kipande cha paipu, nikailegeza ilingane na ile yenye vumbi, kisha nikaikaza hadi mwisho ili nijue. Zilibaki raundi tatu. Mzunguko wa mkono mara tatu, pungufu ya muda wa kusema Amina.

Na Ijumaa ile jua lilikuwa bado halijazama. Nilikuwa na saa mkononi, na niliiangalia. Zilibaki dakika ishirini.